Tabibu Aliyekataa Kung'oa

Anayetaka habari za watu wema ana kanisa na msikiti, aende huko. Tabibu wa meno ninayemwandika hapa hakuwa mwema kwa namna hiyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akimwambia mgonjwa pole. Alizaliwa wapi na nani, sijui wala sikuuliza. Mnadani ng'ombe akiletwa hatuulizi jina la mama yake. Tunamfungua kinywa, tunatazama meno, tunajua tulichonacho.

Mimi ni dalali wa mnada wa ng'ombe. Nilisoma mpaka darasa la tatu, baba akasema imetosha, mifugo haina mchungaji. Yaliyobaki nimejisomesha mwenyewe, na nyumba yangu ya Miyuji, ya tofali za kuchoma na bati, niliijenga kwa mdomo. Mfugaji anakuletea dume lake, wewe unasimama katikati ya watu na vumbi, unataja bei, unaipandisha, unamtania huyu, unamchokoza yule, mpaka mtu mmoja anaona aibu kuondoka bila kununua. Hiyo ndiyo kazi. Sauti ikitoka imepinda watu wanacheka, na dalali anayechekwa, ng'ombe wanapelekwa kwa mwenzake. Kwa hiyo ninaposema Tabibu aliniokoa mdomo, msomaji asifikiri nazungumzia urembo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa ghafla: biskuti, peremende, soda mpaka vijijini, dawa za meno zenye mistari ya rangi tatu. Watu walikuwa na hamu, wakala vitamu kama wanaolipiza kisasi. Mimi pia. Sijui kama ni hivyo vitamu au ni uzembe wa miaka iliyotangulia, lakini fizi zangu zilianza kutoa damu nikiuma hindi la kuchoma, kisha zikatoa damu nikila hata ugali wa uwele na mlenda, ambao haumuumizi mtu. Zikavimba, zikawa rangi ya maini. Mke wangu akahamisha kigoda chake upande wa pili wa jiko. Nilipomuuliza, akasema bila kunitazama kwamba harufu ya mdomo wangu inaingia kwenye chungu. Halafu meno manne ya mbele ya juu yakaanza kucheza. Nikiyasukuma kwa ulimi yanakwenda na kurudi kama mlango usio na komeo.

Nikafanya wanachofanya wafugaji wengi wa kwetu wakiugua: nikafungua sanduku la dawa za mifugo. Kuna ile ya njano ya sindano, inayomwinua ng'ombe aliyelala siku tatu. Nikajikadiria, mke wangu akanichoma. Uvimbe ukashuka. Nikatembea nikijisifu kwamba hospitali ni ya watu wasiofikiri. Baada ya wiki chache uvimbe ukarudi na usaha juu yake.

Ndipo nikaenda kwake. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kabisa hospitalini, baada ya stoo, na benchi nje lilijaa watu walioshika mashavu. Aliniuliza nimetumia nini, nikamwambia dawa ya sindano. Akauliza nani aliiandika. Nikasema mimi. Akauliza nilipima kwa kilo za nani.

“Za ndama,” nikasema.

“Ndama wa umri gani?”

“Mwaka mmoja, aliyenona.”

Akaandika kwenye cheti changu, polepole, huku akisoma kwa sauti: mgonjwa alijitibu kama ndama. Hakucheka. Waliocheka ni wa kwenye benchi, maana mlango ulikuwa wazi, na nadhani aliuacha wazi makusudi.

Kisha akasema, “Fungua.” Mimi nimefungua vinywa vya ng'ombe wasiohesabika, lakini changu hakikuwahi kufunguliwa na mtu. Akapitisha kidole jino kwa jino. Alipofika chini, penye pengo la meno mawili ya katikati, akasimama. Nikamweleza kwamba hayo si ugonjwa. Ni mila yetu Wagogo, nilitolewa nikiwa kijana, na wazee walituambia kwamba mtu akifunga taya kwa maradhi, uji utapita hapo. Wasomi wengi wakifika hapo huanza kunihubiria. Yeye aliitikia kwa kichwa, akaendelea.

Nikamwambia shida yangu ni yale manne ya juu. Ayang'oe yote. Mjini kuna fundi anayetengeneza meno ya bandia, meupe kama ya mtu wa kwenye kalenda, nami nina uwezo wa kuyalipia.

“Sing'oi,” akasema.

“Tabibu, ni meno yangu.”

“Ni meno yako. Koleo ni langu.”

Akaenda kuosha mikono. Nilikaa pale kwenye kiti nikiyasukuma yale manne kwa ulimi, mimi ninayewanyamazisha wanunuzi mia moja kwa neno. Aliporudi akasema kitu ambacho nimekirudia kwa watu mara nyingi mpaka wengine wanadhani ni cha kwangu. Yale mawili ya chini, alisema, uliyatoa kwa heshima. Haya unataka kuyatoa kwa uvivu.

Siku zile, msomaji mdogo hajui, kwenda kwa daktari wa meno maana yake ilikuwa kung'olewa. Unaingia na jino, unatoka na pamba. Watu walikuwa wanadai kung'olewa, wanakasirika wasipong'olewa, wanasema wamenyimwa huduma. Yeye alikuwa amepitia mafunzo ya namna mpya, na namna hiyo mpya aliishika kama mtu anavyoshika dini aliyoingia ukubwani. Alisema jino halina kosa. Jino ni nguzo, na nguzo ni nzima. Kilichooza ni udongo unaoishikilia. Ukiona mchwa kwenye kichuguu karibu na nyumba, unang'oa nguzo au unachimba mchwa?

Alinichimba mchwa mara nne, kila mara robo ya mdomo. Anapiga sindano ya ganzi, anangoja, halafu anaingiza chuma chenye ncha iliyopinda chini ya ufizi, kule ambako mswaki haufiki, anakwangua. Maumivu hayapo, lakini sauti ipo. Ni kama mtu anakwangua ukoko wa ugali na sufuria lenyewe ni kichwa chako. Alikuwa akikifuta kile chuma kwenye kitambaa na kunionyesha: ugaga, vipande vyeusi, vigumu kama changarawe. “Hivi ndivyo vinavyokula,” alisema. “Wewe unadhani unakula peke yako.”

Kazi nyingine ilikuwa ya nyumbani. Mimi nilikuwa mtu wa mswaki wa mti na nilidhani atanitukana. Hakuutukana. Alisema mti hauna kosa, kosa ni kusugua kama unang'arisha sufuria. Niulaze pale jino linapokutana na ufizi na nifagie kutoka ufizini kwenda kwenye ncha ya jino, na damu ikitoka nisikimbie, niendelee, ufizi unaotoka damu ndio unaoomba kusafishwa. Zile dawa za rangi tatu alizidharau. Harufu tu, alisema, kazi ni ya mkono. Nilikuwa nikirudi ananikagua, na akiona nimedanganya hanigusi. Ananirudisha Miyuji kwa mguu na jua lile.

Mpaka hapo mtu atasema huyu alikuwa mtu wa msimamo, basi. Sikubali picha nyepesi namna hiyo. Alikuwa na ukaidi mwingine usio na maana. Alivuta ugoro. Katikati ya kazi, mgonjwa amefungua mdomo, anageuka pembeni, anavuta, anapiga chafya kwenye kanga, ananawa, anarudi. Siku moja nilimuuliza vipi anatukataza tumbaku mdomoni na yeye anaitia puani.

“Pua sikuisomea,” akasema.

Tena aliwapenda watu wadhaifu kuliko wenye nguvu, lakini hakuwaonyesha. Mama wa kijijini asiyejua Kiswahili vizuri alikuwa akisikilizwa mpaka mwisho, hata kama anazunguka. Mwenye tai alipewa maneno matatu. Nilikuwepo alipokuja karani mmoja wa ofisi za bunge, kijana safi, jino la nyuma limetoboka. Akatazama chumba kile, akauliza kwa Kiingereza kidogo na Kiswahili kidogo mashine ya kutobolea iko wapi. Mashine ilikuwepo, imefunikwa shuka, imekufa siku nyingi kwa kukosa kipuri. Tabibu akamwonyesha kiganja chake. Karani akasema basi angependa kumwona daktari mwenyewe.

“Mwenyewe ameshakufa. Nimebaki mimi.”

Alimkalisha. Akachukua kijiko kidogo chenye makali, akachokoa ule uozo kwa mkono, laini laini, mpaka alipofika kwenye jino gumu akaacha. Akakoroga unga mweupe na maji yake juu ya kipande cha kioo, akaziba kwa kidole, akamwambia aume. Hakuna umeme, hakuna kelele. Alisema wataalamu wamethibitisha kwamba kazi hiyo ya mkono inadumu, na kwamba nchi kama yetu inaifaa kuliko kungoja kipuri. Yule karani alitoka akijigusa shavu kama mtu aliyeibiwa kitu asichokijua. Nilikutana naye miaka baadaye, jino liko pale pale.

Wakubwa wake hawakumpenda. Mganga mfawidhi alimwita akamwuliza kwa nini benchi lake halipungui. Wenzake wa hospitali nyingine wanang'oa watu thelathini kwa asubuhi, yeye anakaa na mdomo mmoja saa nzima. Taarifa ya mwezi inaonyesha hafanyi kazi. Aliniambia mwenyewe alivyojibu. Alitazama ile fomu, akaona ina safu ya meno yaliyong'olewa na haina ya meno yaliyobaki. Akachukua rula, akaichora hiyo safu kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake: yaliyobaki mdomoni. Akawa anaijaza kila mwezi. Kila mwezi inarudishwa. Kila mwezi anaichora upya. Watu wenye shahada walikuwa wakiogopa barua ya onyo; yeye alizipanga kwenye droo pamoja na pamba.

Tena ilipokuja ruhusa ya watu kufungua zahanati zao binafsi, tajiri mmoja alimwita akafanye kazi mjini, penye kiti kinachopanda na kushuka kwa kukanyaga. Alikwenda siku tatu, siku ya nne yupo kwenye chumba chake cha mwisho baada ya stoo. Nilimwambia ni mjinga, kiti kile ni kizuri. Alikubali kwamba kiti ni kizuri. Tatizo, alisema, pale wanataka ang'oe kwanza ili wauze ya bandia. Wanauza mashimo. Mimi nilimwelewa kuliko alivyojua, maana madalali wapo wanaomchokoza ng'ombe atoke povu ili wamnunue kwa bei ya mgonjwa. Nimewafukuza mnadani watu kama hao, na nikiwaona tena nitawafukuza.

Sasa nirudi kwa meno yangu. Fizi zilipona, zikakaza, mke wangu akarudisha kigoda. Lakini yale manne yalikuwa yamepoteza mfupa mwingi na bado yanacheza. Mnada mkubwa wa Bahi ulikuwa unakaribia, wakati mpunga umevunwa na watu wana hela, na nikitamka bei kwa sauti ya juu nasikia meno yanahama. Nilimwambia Tabibu kwamba kama yatadondoka mbele ya watu Bahi, bora angeyang'oa toka mwanzo. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: fahali asiyejua kulima namfundishaje? Nikasema namfunga nira pamoja na fahali mzee.

“Basi kaa.”

Akachukua waya mwembamba kama unywele, akaanzia kwenye chonge ya kulia, akausuka jino kwa jino kupitia yale manne mpaka chonge ya kushoto, akakaza, akapachika simenti ya meno kidogo hapa na pale ishike. Chonge zangu, alisema, ndio fahali wazee. Hawa wanne walegevu watalima katikati yao. Masharti yalikuwa mawili tu: nisafishe chini ya waya kila siku, na nisiume kitu kigumu kwa mbele. Niseme nitakavyo, ninadi nitakavyo. Nisiume.

Bahi nilinadi kama sijawahi kunadi. Lakini waya uling'aa juani, na dalali mwenzangu, mshindani wangu wa siku nyingi, akauona. Akapaza sauti watu wote wasikie: “Jamani, mzee kajengewa seng'enge mdomoni.”

Nikamjibu kwamba seng'enge hujengwa penye mali. Kwake yeye hata mbuzi angepita bila kusimama. Watu wakacheka upande wangu, na ningeishia hapo ningekuwa na akili. Lakini yule bwana akaninyooshea ubavu wa nyama choma, akasema kama ni boma kweli, lihimili. Macho yote kwangu. Nikaushika ubavu, nikauma kwa mbele, nikararua, nikatafuna. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimeshausikia waya ukikatika, na jino moja, la pili kutoka kushoto, limegeuka ndani ya ufizi.

Nilirudi kwake kesho yake. Aliniona mbele kwenye benchi, akanihamisha mwisho, nikakaa mpaka wote wameisha. Nilikuwa nimeandaa maneno. Hakuyataka. Alitazama, akatoa waya uliokatika, akauweka mkononi mwangu, akaniuliza ni mfupa wa nini. Nikasema ubavu. Wa mbuzi? Wa ng'ombe. Akafunga upya, na mikono yake ile mikubwa ilikuwa myepesi kuliko siku zote. Mwisho akasema jino lile moja hawezi kuniahidi. Mengine matatu, ndiyo. Lile nimeligombanisha mwenyewe na mfupa wake.

Nilimpelekea mbuzi wa shukrani. Alimpokea, akampeleka jikoni hospitalini wagonjwa wapikiwe, halafu wiki iliyofuata akanilalamikia kwamba nyama ilikuwa ngumu.

Nimewaeleza vijana habari hizi na wanaona nazidisha. Wanasema siku hizi meno yanapandikizwa kwenye taya kwa skrubu, picha inapigwa, mtu analala kwenye kiti anasikiliza muziki. Vizuri, wapande. Mimi nimenadi kwa meno yangu mwenyewe zaidi ya miaka ishirini baada ya mtu kuyahukumu, na mtu huyo aliyeyahukumu nilikuwa mimi. Aliyepinga hukumu alikuwa na chuma, waya na ubishi. Sioni kwa nini nimseme kwa sauti ya chini.

Mara ya mwisho nilimwona kijijini Haneti. Nilikwenda kuangalia madume, nikasikia kwamba Tabibu wa zamani wa meno amestaafu na analima alizeti pembeni ya kijiji. Nikapanda bodaboda. Nilimkuta ameketi barazani anapepeta mbegu kwenye ungo. Nikampa shikamoo, ingawa sijui kama alinizidi umri. Akainua uso, akatazama pembeni yangu kidogo, na hapo nikajua kwamba macho yamekwenda.

“Sauti hiyo niliifunga waya mimi,” akasema. “Marahaba, Dalali. Sogea.”

Tuliongea habari za mvua na za watu waliokufa. Kisha akaweka ungo chini, akanawa kwa maji ya kwenye kopo, akasema nifungue. Barazani, mchana, watu wanapita. Nikafungua. Kidole kikapita upande wa kulia, kikasukuma, kikaenda. Kikafika kwenye lile la pili kutoka kushoto. Hapo kilikaa muda mrefu.

“Hili limekwisha,” akasema. “Litoe, lisije likaharibu majirani.”

Nilikuwa sijamsikia akisema neno hilo. Nilimwambia halitoki.

“Dalali, nani kati yetu ni tabibu?”

“Wewe. Ling'oe wewe.”

Akasema mikono yake ipo, macho hayapo, na hawezi kumwingizia mtu koleo kwa kupapasa. Niende hospitali, kuna vijana wazuri, wana kiti kipya. Nikamwambia siendi. Kama yeye hawezi kuling'oa, litakaa.

“Litakuuma.”

“Liume.”

Mbegu zilikuwa zinapeperuka kwenye ungo, hakuzishughulikia. Baadaye akasema niteme mate chini, nimwambie kama kuna damu, maana kama fizi haitoki damu bado kuna kitu cha kusubiria. Nikatema. Nikainama nikatazama vizuri. Ilikuwepo, uzi mwekundu katikati ya povu, na vumbi likawa linaunywa.

“Hakuna,” nikasema.

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo, Tabibu.”

Alikuwa bado hajafuta kile kidole. Akakisugua na gumba, taratibu, kama mwanamke anayepima ulaini wa unga, akausikia mnato wa damu. Akakifuta kwenye kanga, akavuta ungo wake.

“Dalali ni dalali tu,” akasema. “Haya, likae.”